Kabla ya kununua msumeno wa mnyororo, fikiria mwili wa atakayeushika

Alasiri moja ya mwezi wa Machi kijana wa miaka 24 aliletwa katika kliniki yangu upande wa Likoni. Alikuwa amelazwa kwenye tuktuk, paja lake la kushoto limefungwa leso mbili, na zote mbili zilikuwa zimelowa damu. Alikuwa amepewa kibarua cha siku moja cha kukata mwembe uliokuwa umeegemea paa la mabati la jirani, kazi ambayo watu wengi wa kwetu huikumbuka mvua za masika zinapokaribia. Alivaa kaptura na ndara. Msumeno ulikuwa wa mjomba wake.

Kidonda kilikuwa na urefu wa kiganja. Watu hudhani msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wetu huuita pawaso, hukata kama kisu kikubwa. Sivyo. Kisu hupasua, na kingo mbili za kidonda zaweza kurudishwa pamoja zikashonwa. Mnyororo hula nyama na kuitupa, kama unavyotupa vumbi la mbao, ukaacha mfereji wa karibu sentimita moja ambao kingo zake hazikutani. Ndani ya mfereji ule nilikuta oili, unga wa mti na nyuzi za kaptura. Mshipa mkubwa wa damu wa paja ulikuwa umeokoka kwa upana wa kidole. Tulimkandamiza, tukampa maji kwa mshipa na sindano ya pepopunda, kisha tukamvusha kwa feri hadi hospitali kubwa ya kisiwani.

Baada ya majuma matatu mjomba wake alikuja kuniona. Hakuwa mgonjwa.

"Daktari," aliniambia, "ile mashine nimeiuza. Lakini nyumba tatu zinakula kwa kazi hii. Nataka nyingine. Ninunue ipi?"

"Mzee wangu, mimi ni daktari wa watu, si wa mashine," nilimjibu.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Muuza mashine ataniambia ipi inakata haraka. Wewe niambie ipi haitanirudishia kijana kwa tuktuk."

Swali lile lilinikalia moyoni. Nimesoma vitabu vya maelezo vya mashine hizi, nimekaa na mafundi wa Kisauni na Changamwe wanaozitumia kila siku, na nimerudi katika mafaili yangu ya wagonjwa. Haya ndiyo niliyomweleza, na nayaandika hapa kwa sababu msomaji wa mjini, hata kama hatashika msumeno maisha yake yote, huenda mwaka huu akamwajiri anayeushika, au akatoa pesa za kumnunulia ndugu yake.

Niseme kwanza jambo litakalomchekesha msomaji. Msumeno wa mnyororo ulizaliwa mikononi mwa madaktari. Mwishoni mwa karne ya 18 wapasuaji wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mdogo wenye meno kukatia mifupa, na mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza chombo cha kukata mfupa chenye mnyororo unaozungushwa kwa mkono. Miti ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo tukisema kwamba mashine hii inajua kukata mfupa, hatutii chumvi.

Anza na mti

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuanza na mashine. Anza na mti utakaokatwa. Miti ya mitaani mwetu haifanani. Mwembe ni laini kiasi. Mwarobaini ni mgumu zaidi, na ndio mti ambao wachongaji wengi wa Kikamba kule Changamwe waliugeukia mpingo ulipokuwa adimu. Mkwaju una moyo mgumu kama mfupa. Mvinje, ambao watu huudharau kwa sababu ya wembamba wake, ni miongoni mwa miti mizito kabisa inayokatwa hapa pwani. Mbambakofi na mvule siku hizi huonekana zaidi kama mbao au magogo yaliyonunuliwa kwingine.

Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc kama wa pikipiki. Kwa kupogoa matawi, cc 40 hadi 50 zatosha. Kwa kuangusha na kukatakata miti migumu ya mitaani, cc 60 hadi 70 ndizo zinazofaa, na mashine ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo 6 au 7 kabla ya kutia mafuta na baa. (Baa ninayoisema hapa ni ule ulimi wa chuma unaozungukwa na mnyororo, siyo ile ya bia.) Cc 90 na zaidi ni za kupasua magogo kuwa mbao, kazi inayoitesa injini kwa muda mrefu bila kupumzika.

Mjomba alifikiri kubwa ndiyo bora. Mafundi wengi hufikiri hivyo, na ninawaelewa: mashine ndogo katika mkwaju huchoka, hupata moto, na fundi huanza kuikandamiza kwa mwili wake. Kukandamiza huko ndiko huleta ajali. Hata hivyo, mashine kubwa kupita kiasi nayo huchosha mikono kabla ya saa sita, na mkono uliochoka huachia. Katika misitu ya Afrika Mashariki mashine iliyozoeleka kwa miaka mingi ni Stihl 070, ya zaidi ya cc 105, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Injini yake ni sawa na ya bodaboda. Ina uzito wa zaidi ya kilo 10 hata bila baa, na katika umbo lake la kawaida haina breki ya mnyororo. Ni farasi wa kazi, na wapasua mbao wanaipenda. Kwa kijana wa kilo 58 anayekata mwembe nyuma ya nyumba huko Mtongwe, mimi kama daktari naikataa.

Urefu wa baa nao ufuate mti. Baa ya inchi 18 au 20 humaliza karibu kazi zote za mitaani, kwa maana shina nene zaidi laweza kukatwa kutoka pande mbili. Baa ndefu isiyo na sababu huongeza ncha, na ncha ndiyo yenye sumu.

Teke

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye makaburi.

Mnyororo unapozunguka, kwa juu unakimbia kwenda mbele na kwa chini unarudi kwa fundi. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu kigumu, tawi lililojificha, gogo la pili au ukuta, meno hunasa yasipate kukata, na nguvu yote ya injini huigeuza mashine juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeishika. Inatokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mtu mwenye mikono myepesi ya kuizuia. Ninapomsikia fundi akisema yeye ana uzoefu wa miaka 15 kwa hiyo haogopi, huwa namwuliza kama uzoefu wake unafika haraka kuliko mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa.

Kinachoweza kufika haraka ni breki ya mnyororo. Ni ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto: mkono ukiigonga, au mashine yenyewe ikirushwa kwa ghafla, breki huukaba mnyororo papo hapo. Usinunue mashine isiyo nayo. Na usiamini kuwapo kwake tu, maana katika mashine za mitumba nimeonyeshwa breki zilizofungwa kwa waya ili "zisisumbue". Mwambie muuzaji aiwashe, aiweke chini palipo imara, aipe moto, kisha aisukume ngao kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia kishikio. Mnyororo usiposimama mara moja, rudisha pesa zako mfukoni.

Papo hapo dukani tazama mambo mengine. Eksileta ikiachiwa, injini ikiwa inanguruma polepole, mnyororo haufai kusogea hata kidogo. Kishikio cha nyuma kiwe na kufuli linalozuia eksileta kubonyezwa bila mkono kukishika kikamilifu. Chini ya mashine, upande wa mnyororo, pawe na kindoana cha kuudaka ukikatika. Kishikio cha nyuma kiwe kipana kwa chini ili ulinde mkono wa kulia. Swichi ya kuzima ifikiwe kwa kidole gumba bila kuachia kitu. Ekzosi iwe na wavu wa kuzuia cheche, na ielekeze moshi mbali na uso.

Jihadhari pia na nakala. Madukani kuna mashine zilizopakwa rangi za makampuni makubwa, Stihl au Husqvarna, hata namba za modeli zikaigwa, lakini ndani ni kitu kingine. Nakala yaweza kukata vizuri siku ya kwanza. Shaka yangu iko katika breki, raba na chuma cha kindoana, vitu ambavyo ubovu wake huujui mpaka siku unapovihitaji. Nunua kwa wakala anayetoa risiti, kitabu cha maelezo na vipuri.

Mnyororo wenyewe ni nusu ya ununuzi. Meno yenye kona kali za mraba hukata upesi katika mti safi lakini hufa haraka. Kwa miti yetu, yenye mchanga wa bahari katika magome, meno yenye kona za mviringo kidogo hudumu zaidi, na kuna minyororo iliyotengenezwa kupunguza teke. Tena miti ya mitaani ina misumari. Kila mwembe ulio karibu na kituo cha matatu umepigiliwa tangazo la mganga, na kila mwarobaini uani umewahi kushika kamba ya nguo. Atakayekata apite kwanza na macho na kiganja.

Mnyororo butu ni hatari kuliko mkali. Ukitupa vipande vidogo, uko sawa. Ukitupa unga kama wa mahindi, umekufa, simama uunoe kwa tupa. Mafundi wengine wakiona mashine haili, huzikata kwa tupa zile nundu zilizo mbele ya kila jino ili jino lizame zaidi. Mashine italiwa na uchu kwa nusu saa, na teke litakuwa mara mbili. Kijana wangu wa Likoni alikuwa na mnyororo wa namna hiyo.

Madhara yasiyotoa damu

Kidonda humleta mtu kliniki siku ileile. Masikio na vidole humleta baada ya miaka kumi, na wakati huo sina dawa.

Msumeno wa petroli hutoa kelele ya desibeli 100 hadi 115. Wataalamu wa kazi huchukua desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kiasi ambacho sikio hustahimili, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hugawanywa kwa mbili. Piga hesabu: desibeli 88, saa 4, 91, saa 2, 94, saa moja, 100, dakika 15. Ikifika 109 ni dakika mbili tu, nazo huisha kabla tawi la kwanza halijaanguka. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zilivumilia zaidi, desibeli 90 kwa saa 8, lakini hata hizo fundi wetu huzivuka kabla ya chai ya saa nne. Pamba sikioni haisaidii. Kinachosaidia ni vikombe vya masikio vinavyobana kichwa kama hedifoni, na vinapovaliwa sawasawa hupunguza karibu desibeli 25. Mke wa fundi ndiye huwa wa kwanza kuniambia: "Daktari, nyumbani anaweka redio kama ya harusi."

Pili ni mtikiso. Mwaka 1918 daktari Mmarekani Alice Hamilton aliwachunguza wakata mawe wa Indiana waliokuwa wakitumia mashine za hewa, akawakuta na vidole vyeupe visivyo na hisia nyakati za baridi. Baadaye wakata miti wa Ulaya na Japani walipata maradhi hayohayo kwa wingi. Hapa pwani, kwa vile hatuna baridi, ule weupe hauonekani kwa urahisi, na kwa hiyo watu hudhani ugonjwa haupo. Upo. Huja kama ganzi na kuwashwawashwa usiku, mtu anaamka akikung'uta mikono. Kisha anashindwa kufunga vifungo vya shati au kuokota sarafu. Mkulima au fundi akinieleza hivyo, siku hizi namwuliza kuhusu mashine kabla ya kumwandikia vitamini.

Kwa hiyo tazama raba au springi zilizo baina ya injini na vishikio. Mashine za zamani hazina, au zimeoza. Kitabu cha maelezo cha mashine nzuri hutaja kiwango cha mtikiso kwa kila kishikio. Chagua chenye namba ndogo. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 uliweka ukomo wa 5 kwa siku ya saa 8. Mashine yenye mtikiso wa 10 humaliza ukomo huo kwa saa 2 tu, kwa sababu mtikiso ukiongezeka mara mbili, muda hupungua mara nne. Mnyororo butu huuzidisha. Sigara pia huumiza mishipa ileile.

Kuhusu moshi nitasema machache: usiiwashe mashine hii ndani ya banda, wala usiinamie nayo ndani ya shimo la kung'olea kisiki, kwa maana hewa ya kaboni haina harufu na huanza kwa maumivu ya kichwa tu. Vumbi la miti migumu limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 1995, katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuleta pumu. Utomvu wa mwembe na mkanju huunguza ngozi ya baadhi ya watu ikafura mpaka macho yakafunga. Nimewatibu wawili waliodhani wamerogwa.

Petroli isivutwe kwa mpira mdomoni. Ikishuka mapafuni, hata kijiko kimoja, huleta homa kali ya mapafu. Aliyeimeza asitapishwe wala asipewe maziwa, aletwe. Na ile oili chafu ya gari ambayo wengi huitia kulainisha mnyororo hurushwa kama ukungu juu ya uso na mikono ya fundi siku nzima. Ina kemikali za kuleta saratani ya ngozi. Akiba hiyo haina faida.

Nguo, na damu ikitoka

Suruali ya jinzi haizuii chochote. Suruali ya kazi hii ina ndani yake matabaka ya nyuzi ndefu. Mnyororo ukizigusa, nyuzi hutoka, hujizungusha katika gurudumu la mnyororo na kuuziba ukasimama. Huandikwa daraja: daraja la 1 limepimwa kwa mnyororo wa mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa mita 24, la 3 kwa mita 28. Kwa joto la Mombasa, nunua ile yenye kinga mbele tu, au aproni ya miguu inayofungwa juu ya suruali nyepesi. Zile za kuzunguka mguu mzima zitavuliwa saa tano asubuhi na kutundikwa mtini. Ongeza viatu vigumu, helmeti yenye wavu wa uso, glavu, na maji ya kunywa ya kutosha. Kwa fundi anayepogoa tu, kuna misumeno ya betri siku hizi, isiyo na moshi, yenye kelele na mtikiso mdogo. Nayo ina meno yaleyale, na haifai kwa kutwa nzima katika mkwaju.

Asikate peke yake, asikate juu ya mabega, asikate akiwa juu ya ngazi.

Mtu akikatwa, zima mashine, mlaze, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote na usifunue kuchungulia. Leso inafaa. Damu ikiendelea kuruka kutoka mkononi au mguuni, funga kitambaa kipana cha vidole vitatu juu ya kidonda, upande wa moyo, pasipo na kifundo, ukaze kwa kijiti mpaka isimame, na uandike saa. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Usitie kahawa, majivu, sukari wala mafuta taa. Nimetumia saa nzima kuosha kahawa katika kidonda ambacho kingesafishwa kwa dakika kumi. Kidole kilichokatika kifungwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe juu ya barafu. Barafu yenyewe isikiguse. Halafu safari. Sisi wa Likoni tunajua maana ya feri, kwa hiyo jua kabla ya kuanza kazi ni gari gani litambeba na ni hospitali gani ya karibu iliyo wazi siku hiyo.

Na pepopunda: wanawake wengi hupata sindano hii wakiwa wajawazito, wanaume hawana kliniki ya namna hiyo, na wengi hawajachanjwa tangu utotoni. Fundi wa msumeno achanjwe kabla ya kununua mnyororo wa kwanza.

Mjomba alinunua mashine ya cc 70, baa ya inchi 20, kwa wakala, na aliileta kliniki nami nikaijaribu breki uani huku wagonjwa wakichungulia dirishani. Vikombe vya masikio alinunua. Suruali alisema ataitafuta mwezi ujao, kwa kuwa bei yake ilimshtua. Nilimwita kijana, nikamwambia apandishe kaptura amwonyeshe mjomba wake paja. Alama bado ni nyekundu, na ngozi iliyo chini yake, upana wa viganja viwili, haisikii mguso. Suruali ilinunuliwa Jumamosi ileile.